Serendipiti si bahati tupu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nizungumzie neno la Kiingereza serendipiti (serendipity), maana siku hizi watu washalishika, mtu akiokota elfu kumi Darajani anasema ndo serendipiti hiyo, na vijana wa skuli wanalitia kwenye insha zao za Kiingereza kwa maana ya zali tu. Siyo hivyo jamani.

Neno hili lina mwenyewe. Horace Walpole, mwandishi wa Uingereza, kalitunga kwenye barua alomuandikia rafiki yake Horace Mann tarehe 28 Januari 1754. Kalitoa kwenye hadithi ya watoto watatu wa mfalme wa Serendip, na Serendip ndo Sarandibu, Sri Lanka ya leo, kule kule alikofika Sindibadi safari yake ya sita, kwa hiyo sie watu wa bahari hii tusilione geni.

Hadithi yenyewe, ilochapwa Venice mwaka 1557, ni tamu kweli. Vijana wale wanakutana njiani na mtu kapotelewa na ngamia, wakamwambia ngamia wako chongo, ana pengo, anachechemea, kabeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili. Yule akaona basi hawa ndo wezi, wakatiwa ndani. Kumbe ngamia hata hawajamuona! Majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena ule wenye majani mabaya, yalotafunwa yamedondoka vidonge vidonge vya ukubwa wa jino, mguu mmoja umeburura mchangani, huku wamejaa sisimizi wamefuata siagi na kule nzi wamefuata asali. Walpole kasema wazi ni mambo mawili pamoja, kubahatika na werevu, na kitu chenyewe uwe hukukitafuta. Ukiutoa werevu imebaki bahati, na bahati ina jina lake.

Sie tunaye Bwana Msa, yule mpelelezi wa kwenye riwaya za Muhammed Said Abdulla, anakamata vitu vidogo ambavyo wengine wanavipita, ingawa yeye huwa anatafuta makusudi. Mwanasayansi Alexander Fleming naye mwaka 1928 kakuta ukungu kwenye kisahani chake cha vijidudu, mwengine angekiosha tu, yeye akatazama kwa nini vijidudu vya pembeni yake vimekufa, ndo ikaja dawa ya penisilini.

Walimu wa Kiingereza wa Unguja na Pemba, nakuombeni muanze na ngamia huyo kabla ya kamusi, na mwanafunzi akiandika serendipiti muulizeni, huyo mtu kwenye insha yako katambua nini?

Msomaji wenu,
Wete, Pemba