Hesabuni kurasa kabla ya kuwahukumu Faye na Bubbles

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani ulieleza hivi karibuni kwamba katika katuni ya mtandaoni ya Questionable Content mapenzi ya Faye na Bubbles yalizuka ghafla, na kwamba Marten na Dora waliachana bila sababu ya maana. Mashabiki wengi husema hivyohivyo. Madai yote mawili yana chanzo kimoja: hadithi inapimwa kwa kalenda ya msomaji, wakati wahusika wana kalenda yao.

Kwa asiyeifahamu, Jeph Jacques aliianza tarehe 1 Agosti 2003. Mambo mengi yanatokea Northampton, Massachusetts, Marekani, kati ya mkahawa uitwao Coffee of Doom, maktaba ya chuo na nyumba za kupanga, na roboti wenye akili wanaishi na watu kama majirani. Kwa miaka mingi sasa ukurasa mmoja hutoka kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni kurasa tano kwa wiki, takriban 260 kwa mwaka, na jumla imeshavuka 5,000. Wahusika lakini wameongeza miaka michache tu. Maongezi ya dakika kumi jikoni yanaweza kula kurasa kumi na tano, ambazo kwa msomaji wa kila siku ni wiki tatu. Ndipo mtu analalamika kuwa Dora amenuna mwezi mzima, kumbe hata kahawa iliyo mbele yake haijapoa.

Tuanze na Marten, kijana ambaye hadithi ilianza naye, na Dora. Faye alihamia kwa Marten baada ya kuunguza nyumba yake mwenyewe kwa kibaniko cha mkate, na wasomaji wakaanza kuwahesabia siku za kuwa wapenzi. Karibu na ukurasa wa 500 Faye anamweleza Marten kwamba baba yake alijiua mbele ya macho yake, na kwamba hayuko tayari kwa mapenzi. Baada ya hapo Marten anaanza uhusiano na Dora, mwenye mkahawa anakofanya kazi Faye, na Dora anaingia akijua fika kwamba moyo wa Marten ulianzia kwa Faye, tena Faye bado anaishi chumba cha pili. Wanakuja kuachana karibu na ukurasa wa 1,800. Kati ya hapo kuna kurasa zaidi ya elfu moja, na hofu ya Dora inachungulia humo mara kwa mara: anapekua, anauliza swali lilelile kwa sura mpya, anaomba msamaha, anarudia. Aliyesoma kwa zaidi ya miaka minne, ukurasa mmoja kwa siku, alishasahau dalili za mwanzo mwisho ulipofika. Aliyesoma zote kwa wiki moja anashangaa walidumuje. Mimi nakubaliana na huyu wa pili.

Kwa Faye na Bubbles kosa ni hilohilo, ila limegeuzwa. Bubbles ni roboti aliyekuwa askari, mkubwa wa umbo, mchache wa maneno. Faye anakutana naye baada ya kufukuzwa na Dora kwa kunywa pombe kazini, anapopata kibarua cha kutengeneza roboti kwenye ukumbi wa siri wa mapigano unaoendeshwa na Corpse Witch. Mwenye ukumbi huyo ndiye aliyezifungia kumbukumbu za Bubbles za vitani, na kwa njia hiyo akamshikilia. Kabla ya neno lolote la mapenzi kutamkwa, wawili hawa wanafanya kazi pamoja, wanatoka pale pamoja na kufungua karakana yao, Union Robotics. Hayo yanachukua mamia ya kurasa. Anayesema yalizuka ghafla huwa alikuwa akingoja busu. Mikono yao inafanya nini muda wote huo hakutazama: nani anashika bisibisi, nani anakaa karibu zaidi ya kazi inavyodai, nani ananyamaza mwenzake akitaja pombe.

Kwa wanaopenda kubishana juu ya wahusika hawa, na hata kwa waandishi wenu, kuna utaratibu unaopunguza kelele. Kila ukurasa una namba, na namba hiyo imo kwenye anwani yake, kwa hiyo dai lolote liandikwe na namba. Kabla ya kumhukumu mhusika, rudi nyuma kurasa thelathini hivi usome mfululizo bila kusimama. Mara nyingi huo ndio upana wa tukio moja. Kisha jiulize mhusika alijua nini kufikia ukurasa huo. Nusu ya lawama anazobebeshwa Marten kuhusu Claire, mpenzi wake wa baadaye, zinatoka kwa watu wanaochanganya walichojua wao na alichojua yeye. Claire, aliyefika maktaba kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, alimwambia Marten mwenyewe kwamba ni mwanamke aliyebadili jinsia, na alimwambia kabla hawajawa wapenzi. Hakuna aliyefichwa.

Ukurasa wa Ijumaa uogopeni. Mara nyingi unaishia kwenye sentensi inayoning'inia, na kuanzia Jumamosi hadi Jumapili mashabiki wanajenga nadharia nzima juu ya fremu moja. Jumatatu inakuja mzaha wa Pintsize, roboti mdogo mtundu wa Marten, nadharia inaanguka, na watu wanamlaumu mchoraji kwa kutotimiza ahadi ambayo hakuitoa. Mwenye hasira asubiri kurasa tano ndipo aandike.

Michoro ya zamani nayo isitumike kama ushahidi wa hisia. Mkono wa Jacques umebadilika mno tangu 2003. Macho yanayoonekana makavu katika kurasa za mwanzo yalikuwa hivyo kwa kila mtu, awe na furaha au msiba. Roboti pia walianza kama vichekesho vidogo vya mezani. Baadaye ndipo Momo, mmoja wa roboti hao, akapata mwili wa kimo cha binadamu na maswali ya haki zao yakaingia. Kunukuu utani wa Pintsize wa mwaka wa kwanza ili kuthibitisha kwamba Bubbles hawezi kupenda ni kuchukua sheria za hadithi moja na kuzipeleka kwenye nyingine.

Lipo lalamiko moja la mashabiki ninaloliona lina uzito. Wahusika wamekuwa wengi, na mtu kama Hannelore, aliyekulia kwenye kituo cha anga, anaweza kupotea kwa muda mrefu kisha akarudi kana kwamba alitoka dukani. Hapo hata kuhesabu kurasa hakusaidii, kwa sababu hakuna kurasa za kuhesabu. Kama ukurasa wenu utaendelea kuandika habari za katuni hii, hilo ndilo la kumbana nalo mchoraji.

Msomaji wenu,
Morogoro