Barua kwa mwanangu anayeanza kazi ya kuendesha mashtaka

Mwanangu,

Tasnifu yako uliyoiacha mezani, ile ya jinsi kisa kilichopangwa vizuri kinavyowavuta watu mahakamani, nimeisoma yote. Baba yako alisinzia kwenye utangulizi, usimwambie nimekuambia. Unaandika vizuri, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa Jumatatu unaingia kwa waendesha mashtaka na kipaji hicho unakwenda nacho.

Si wewe uliyeandika habari za jaribio la wanasaikolojia Pennington na Hastie, Marekani, mwaka 1988, la watu waliopewa kesi waamue kama wazee wa baraza? Kesi moja, ushahidi uleule. Upande wa mashtaka ulipoupanga ushahidi wake kwa mfuatano wa kisa, na utetezi ukaleta wake shahidi mmoja mmoja, asilimia 78 ya washiriki walisema mshtakiwa ana hatia. Mpangilio ulipogeuzwa, wakashuka hadi 31. Nilirudia ukurasa nikidhani nimesoma vibaya. Wewe umeyaita "matokeo ya kuvutia". Ya kuvutia! Mwenzio yuko kizimbani hapo, mwanangu.

Na wale vijana watano wa kesi ya Central Park, New York, 1989, walioshtakiwa kumshambulia na kumbaka mwanamke aliyekuwa akikimbia bustanini, umewapitia mbiombio. Wanne walikiri mbele ya kamera. Maelezo yao yalipingana, vinasaba (DNA) vilivyopatikana havikulingana na yeyote kati yao, na bado wote watano walitiwa hatiani, maana kisa kilikwisha kukamilika vichwani mwa watu. Hukumu zilifutwa 2002, mtu mwingine alipokiri na vinasaba vikawa vyake. Rudi kwenye sura hiyo kabla hujaanza kazi.

Faili likikujia limenyooka mno, uliza nani kalinyoosha. Katafute kipande kilichoachwa nje kwa kuwa hakikuingiana na vingine, umpe wakili wa utetezi hata kama mkubwa wako atanuna. Najua hupendi kisa chenye tundu. Muulize kaka yako nani alikuwa akiadhibiwa humu ndani kila uliponiwahi kunisimulia wewe.

Huyo kaka yako sasa anakitaka chumba chako aweke vitabu. Nimemwambia asubiri, ila nawe njoo uondoe maboksi yako. Koti jeusi nimelishona kifungo. Lile la kijivu limeliwa na nondo, usithubutu kulivaa mahakamani.

Halafu hizo fomu zenye sahihi yako baba yako anazitaka leo, kila saa ananiuliza mimi.

Mama yako