Barua ya kufunga muhula: kuhusu zile pete

Kwa wazee na walezi wa wanafunzi wetu,

Assalaam alaykum.

Ripoti za mitihani zimo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua skuli imeandikwa chini ya kila ripoti. Hisabati ya Kidato cha Pili haikunifurahisha, lakini hayo tutayazungumza kwenye kikao. Mchango wa uji umetosha, ahsanteni. Vyoo vya wasichana vimeshatengenezwa. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mlangoni.

Tangu muhula uanze, wanafunzi 24 wa Kidato cha Tatu wamekuwa wakijifunza usonara, Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Anayewafundisha ni mzee mmoja wa hapa hapa Mji Mkongwe, aliyekaa kwenye kazi hiyo tangu utoto wake kwenye duka la baba yake. Leo kila mwanafunzi amerudi nyumbani na kitu alichokifua kwa mkono wake. Wengi watawapa mama zao. Nawaomba, kabla hamjasema neno, kigeuzeni kwanza mkitazame upande wa ndani.

Pete ya mwanzo wote walifanya sawa: ukanda wa shaba nyekundu unakatwa, unapashwa moto, unapindwa mpaka ncha mbili zikutane, kisha zinatiwa lehemu. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya nusu saa. Ilikula wiki tatu, kwa sababu ya zile ncha. Mimi nilikuwa nadhani lehemu ni kama saruji, penye ufa unajaza. Kumbe haizibi pengo. Inapenya pale tu ambapo ncha zimegusana sawasawa, na penye nafasi inajikunja pembeni kama tone la maji kwenye sahani yenye mafuta. Kwa hiyo fundi ana kipimo chake. Anaichukua pete kabla haijatiwa moto, anaiinua dirishani, na akiona mstari wa mwanga kati ya ncha mbili anasema, "Mwanga." Hana neno la pili. Mtoto anarudi kwenye tupa.

Kuna msichana aliyeambiwa "mwanga" mara nne. Kila akipiga tupa pete inapungua, mpaka ilipokubaliwa ilikuwa haimwingii tena, inamwenea mdogo wake. Nimeitazama kwa miwani yangu na sikuona ilipoungwa. Nyumbani itaonekana ni pete ndogo ya shaba isiyomtosha mwenyewe, na pengine atachekwa. Mwacheni kumcheka.

Hesabu nayo iliingia. Ukitaka pete yenye upana wa ndani wa milimita 17 kwa bamba la unene wa milimita 1.5, hukati 17 mara 3.14. Unajumlisha kwanza unene, inakuwa 18.5, ndipo unazidisha, unapata milimita 58. Waliousahau unene walikata 53, na pete zao zikaishia kwenye kidole kidogo. Mwalimu wa Hisabati alikuja siku hiyo kuangalia tu, akakaa mpaka magharibi.

Jambo lililowashangaza zaidi ni shaba yenyewe. Ukiipiga nyundo inazidi kuwa ngumu, na ukiendelea inapasuka. Ili ilainike unaipasha moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, na unaweza kuitumbukiza kwenye maji papo hapo ikabaki laini. Watoto wa mafundi wa visu walibishana sana, maana wanajua chuma cha pua kikitoka motoni kikaingizwa majini kinakuwa kigumu. Wote wana haki. Shaba na chuma hazina tabia moja. Kwa ajili ya kuuona huo wekundu tulilazimika kufunga madirisha ya upande wa magharibi, kwani kwenye jua huuoni, unakuja kushtuka kitu kimeshayeyuka. Viwili viliyeyuka hivyo. Kimoja kilikuwa herini ya fedha, na fedha haisubiri: inayeyuka kwenye nyuzi 962, wakati shaba inahimili mpaka 1085.

Sasa niseme yale ambayo huenda mmeshayasikia kwa watoto, yakiwa yameongezwa chumvi.

Hakukuwa na bomu. Mvulana mmoja aliunganisha vikombe viwili vidogo vya shaba kufanya ushanga mkubwa wa kidani, akasahau kutoboa tundu. Hewa iliyofungiwa ndani ikipata moto inatafuta njia. Ushanga ulilia paa, ukaruka, ukaangukia ndani ya ndoo. Alikuwa amevaa miwani ya kinga, na wenzake walikuwa nyuma ya mstari tuliouchora sakafuni. Hakuna aliyeumia. Fundi aliokota vipande, akavipanga mezani, akawaambia watafute tundu liko wapi. Walitafuta kwa dakika nzima kabla hawajaelewa.

Ni kweli pia kwamba kidani kimoja cha fedha kilitoka kwenye dawa ya kusafishia kikiwa na rangi ya waridi. Ile dawa, ambayo sisi tunaifanya kwa asidi ya ndimu ya unga, ikishasafisha shaba nyingi inabaki na shaba ndani yake. Ukiingiza koleo la chuma humo, shaba inaganda juu ya fedha. Ndiyo maana mezani kuna koleo la mti lenye utepe mwekundu, na ndiyo maana mwenye kidani kile alikaa siku mbili anasugua kwa msasa.

Mama mmoja alinijia amekasirika: bangili ya mwanawe imemtia kijani mkononi, je, tunawavisha watoto sumu? Nilimwelewa. Shaba ikikutana na jasho inatoa ule ukijani, na kwa joto letu la kaskazi jasho halikosi. Si ugonjwa. Mkono unaoshwa kwa sabuni, bangili inasuguliwa kwa ndimu na chumvi, kama mnavyosugua sinia na vile vichwa vya shaba vya milangoni. Akiona ngozi inawasha, aivue.

Na baba mmoja aliniuliza kwa upole kama si kazi ya kike hii. Nilimpeleka darasani. Alimkuta mwanawe amekaa mbele ya chamburo, lile bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, anavuta waya wa shaba kwa koleo kutoka tundu moja hadi lenye kufuata, miguu imekanyaga ukuta, jasho linamtoka. Baba alijaribu mwenyewe, ukapita tundu mbili. La tatu ulimkatikia. Hakuniuliza tena.

Waya huo ulikuja kuwa kazi niliyoipenda kuliko zote. Yule kijana alikunja nyuzi sita akazisuka kama ukili wa mkeka, alivyomwona bibi yake Makunduchi akisuka, kisha akaufanya bangili. Mwengine alifua karafuu moja ya fedha, na kichwa chake, na vile vijimeno vinne pembeni. Msichana ambaye mamake ametoka Lamu aliokota vigae vya sahani za zamani ufukweni, akavisugua kwenye jiwe, akavitengenezea ukingo wa fedha kama pete za kwao. Alivunja misumeno minane. Aliyejaribu kufanya kisanduku cha hirizi alikitia lehemu mpaka kwenye kifuniko. Hakifunguki. Amekichukua hivyo hivyo, na anasema ni siri imo ndani.

Kuna siku moja ambayo natamani mngekuwapo. Bibi wa mwanafunzi mmoja alituletea leso, ndani yake mna kikuku kilichokatika na riale moja ya Maria Theresa, ile sarafu ya zamani ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria. Watoto walisoma mwaka 1780 wakapiga kelele. Fundi akawatuliza: huo ndio mwaka aliokufa yule malkia, na waliendelea kuzipiga riale kwa tarehe hiyo hiyo miaka mingi baadaye, hivyo tarehe haikwambii umri wake. Tuliipima, gramu 28 kasoro kidogo kwa kuchakaa. Fedha yake ni sehemu 833 kwa 1000, pungufu ya hii ya 925 mnayoiona imegongwa kwenye mapambo ya dukani. Akawaeleza kwamba riale hizi ndizo zilizokuwa zikiyeyushwa na masonara wa Oman na wa pwani yetu kufanyia vikuku, na kwamba kile kikuku kilichokatika huenda nacho kiliwahi kuwa mfuko wa riale. Mtoto mmoja akauliza kama na hii tuiyeyushe. Fundi aliifunga kwenye leso yake, akampa mjukuu airudishe kwa bibi siku ile ile. Kikuku alikiunga yeye mwenyewe, hakumwachia mtu, na hakuchukua hata senti.

Hilo linanileta kwenye maombi yangu. Baada ya siku ile wanafunzi watatu walileta dhahabu za nyumbani zitengenezwe: kipini, mkufu, na pete ya ndoa ambayo mwenyewe hakujua kuwa imetoka kabatini. Zote nimezirudisha kwa mkono wangu. Skuli haipokei dhahabu, iwe nzima au iliyokatika. Tunachokihitaji ni shaba: nyaya za umeme zilizoondolewa, mabomba ya friji mbovu, sinia lililotoboka. Nyaya zije zimeshamenywa kwa kisu, wala zisichomwe moto, kwa sababu moshi wa ile plastiki ni mbaya kwa watoto.

Wasichana waje na mtandio wa pamba siku za darasa, si wa nailoni, na ncha zake ziingie ndani ya kanzu. Wavulana waje na viatu vya kufunika vidole. Makubadhi hayaingii darasani, hata kama ni mapya.

Wengine mmeuliza vitu hivi vitauzwa lini kwa wageni pale Forodhani. Kwa sasa haviuzwi. Fundi anasema hatauza kazi ya mtu aliyesoma muhula mmoja, na mimi nimekubaliana naye, ingawa mfuko wetu wa pesa za kununulia gesi ya kuchomea ungefurahi. Muhula ujao wataanza bawaba na kifungo cha mkufu, na nimeambiwa kwamba pale ndipo watakapolia.

Mwenye kuona pete ya mwanawe ina ufa, asiipeleke dukani kutengenezwa. Airudishe siku ya kufungua ndani ya karatasi, na jina juu yake. Tutaikata upya.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu