Barua kwa mwanangu Salma, anayeanza mwaka wa msingi wa uhandisi ujenzi

Birmingham, Septemba 2025

Mwanangu mpendwa Salma,

Natumaini barua hii itakukuta salama katika chumba chako kipya, na kwamba umekwisha kuzoea jiko la kushirikiana na wenzako. Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu maneno niliyotaka kukuambia Jumapili tulipokupeleka yalinishinda mbele ya mama yako na wadogo zako, na pia kwa sababu njiani ulisema jambo ambalo halijanitoka moyoni. Ulisema kwamba wenzako wakikuuliza uko mwaka wa ngapi utawajibu kuwa uko wa kwanza, usitaje mwaka wa msingi, yaani huu wa matayarisho unaotangulia ule wa kwanza, kwa kuwa mwaka huo ni wa walioshindwa.

Wewe hukushindwa, na anayejua hivyo kuliko mtu mwingine yeyote ni mimi. Ulipokuwa na miaka 16 ulikuja na fomu ya kuchagua masomo matatu ya sekondari ya juu, ukaniambia unataka Hisabati, Fizikia na Jiografia. Mimi ndiye niliyekaa nawe mezani hadi usiku nikakushawishi uandike Biolojia, Kemia na Saikolojia, kwa sababu tangu ukiwa mdogo nilikuwa nimekwisha kuwaambia ndugu zetu wa Tanga kwamba utakuwa daktari. Ukatii. Ukasoma miaka miwili masomo ambayo moyo wako haukuyapenda, ukayafaulu, kisha ukarudi na ombi lilelile la mwanzo. Katika nchi hii, anayetaka kuingia moja kwa moja mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi kwa kawaida hutakiwa awe na Hisabati ya kiwango hicho, na baadhi ya vyuo hutaka Fizikia pia. Mlango ule niliufunga mimi, Salma, kwa nia njema lakini bila kukusikiliza, na ninakuomba radhi. Nimeliandika ombi hili ili ubaki nalo mkononi.

Basi mwaka huu unakuja kuziba pengo hilo tu, na pengo lenyewe si dogo. Hisabati ambayo wengine waliisoma kwa miaka miwili utaisoma kwa miezi tisa, pamoja na fizikia, mekanika, kazi za maabara na uandishi wa ripoti. Wanafunzi waliotangulia watakuambia kwamba alama za mwaka wa msingi hazihesabiwi katika daraja la shahada, na kwa kawaida ndivyo ilivyo, lakini wasilokuambia ni kwamba chuo huweka kiwango cha kuvuka kwenda mwaka wa kwanza, na kwa wanaotaka kozi ndefu ya uzamili kiwango hicho mara nyingi huwa juu zaidi. Zaidi ya hayo, hesabu za mwaka huu hazitaachwa nyuma mwaka ukiisha. Mhandisi mmoja kijana, ambaye mwaka juzi tulifanya naye kazi katika ujenzi wa shule, mimi nikijenga matofali na yeye akipima mistari ya misingi kwa mashine yake ya miguu mitatu, alinieleza kwamba katika boriti moja tu kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko na za kujumlisha vipande vidogovidogo, hutumika mara nne mfululizo: unaanza na mzigo, ukiujumlisha kwa kalkulasi unapata nguvu inayotaka kuikata boriti, ukijumlisha tena unapata momenti inayotaka kuipinda, ukijumlisha mara ya tatu unapata mwinamo wake, na mara ya nne unapata itabonyea kwa milimita ngapi. Anayeingia mwaka wa kwanza kalkulasi yake ikiwa legelege atakwama hatua ya kwanza ya nne hizo.

Nilimuuliza kijana yule kwa sababu nilikuwa na swali langu la zamani, na sasa nitakueleza kisa ambacho hata mama yako sijamsimulia chote.

Mwaka 1996 nilikuwa saidia fundi katika ujenzi wa nyumba ya ghorofa huko Dar es Salaam, nikichanganya zege kwa sepetu, sehemu moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto, na kupandisha karai begani. Nyumba haikuwa na mchoro wa mhandisi. Fundi mkuu aliijenga kwa uzoefu, na uzoefu wake ulikuwa mkubwa kweli, kwani kuta zake zilisimama wima kwa timazi hata ukaona raha kuzitazama. Nondo za kibaraza cha juu tulizisuka kama tulivyosuka za sakafu ya vyumba, yaani tukazilaza upande wa chini karibu na mbao, tukamwaga zege, tukalimwagilia maji asubuhi na jioni kwa karibu mwezi mzima. Tulipotoa mirunda, kibaraza kilikaa siku mbili. Usiku wa tatu kilikatika pale kinapokutana na ukuta, kikaanguka kizima uani, mahali ambapo mchana wake watoto wa jirani walikuwa wakicheza. Hakuumia mtu. Fundi mkuu alisema zege halikukauka, tukaambiwa tujenge upya vilevile, na mimi nikaondoka katika kazi ile kabla mirunda haijatolewa mara ya pili.

Nimeishi na swali lile miaka mingi, maana mikono yangu ndiyo iliyolimwagilia zege lile na nilijua kwamba lilikuwa gumu. Jibu nilichorewa na mhandisi kijana kwenye kipande cha ubao wakati wa chai. Zege hustahimili sana kubanwa, akasema, lakini nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya ile, na ndiyo sababu tunalitilia nondo. Sakafu inayolalia kuta mbili hubonyea katikati, kwa hiyo upande wake wa chini ndio unaovutwa, na nondo zinatakiwa kulala chini. Kibaraza kilichoshikwa upande mmoja huinama kwenye ncha yake, kwa hiyo kinachovutwa ni upande wa juu, hasa pale penye ukuta, na nondo zinatakiwa kulala juu. Sisi tulitumia nondo za kutosha na tukazilaza upande ambao haukuzihitaji. Nilikaa kimya kwa muda, Salma, kwa kuwa nilikuwa nikiwafikiria watoto wale ambao sasa ni watu wazima na hawajui lolote.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka asubuhi, na watu 36 wakafariki. Wewe ulikuwa mdogo, ukashangaa kuniona nimekaa mbele ya televisheni nikipiga simu moja baada ya nyingine kuwatafuta waashi niliofanya nao kazi. Wote walikuwa salama, lakini tangu siku hiyo kila ninaposikia neno mhandisi nasikia watu waliolala ndani ya nyumba. Ndiyo maana ulipokuja mara ya pili na ombi lako sikubisha.

Unakumbuka nilivyowapeleka Ironbridge, kwenye daraja la chuma lililojengwa mwaka 1779 juu ya mto Severn? Ulikuwa na miaka 11, ukainamia viungo vyake ukaniuliza mbona chuma kimeungwa kama meza. Ulikuwa umeona sawasawa. Waliolijenga walikuwa wakitengeneza daraja kubwa la kwanza la chuma cha kusubu duniani, hawakuwa na mfano wa kufuata, wakatumia maarifa waliyokuwa nayo, yaani ya seremala: ulimi ukachomekwa katika tundu, kabari ikapigwa. Daraja limesimama hadi leo, lakini limekula chuma kingi mno. Mwaka 1796, kilomita chache juu ya mto huohuo, Thomas Telford alijenga jingine pale Buildwas, lililovuka nafasi kubwa zaidi kwa mita 9 hivi, akatumia takriban nusu ya chuma kile.

Telford alikuwa mwashi wa mawe. Baba yake alikuwa mchunga kondoo huko Scotland, akafariki mtoto angali mchanga, na Telford hakukanyaga chuo kikuu. Hata hivyo mwaka 1820 alikuwa rais wa kwanza wa Taasisi ya Wahandisi Ujenzi, iliyoanzishwa London miaka miwili kabla. Wenzangu kazini hupenda kumtaja ili kusema kwamba shule si lazima. Mimi namsoma vingine. Mtu yule alijua kuchonga jiwe kuliko wengi, na bado akaona kwamba ustadi wa mikono haumtoshi, akajifunza mwenyewe kwa vitabu, na alipojenga daraja la minyororo la Menai, lililofunguliwa mwaka 1826, hakukubali kipande cha chuma kiwekwe kabla hakijavutwa na kupimwa nguvu. Wewe unapata kwa mwaka mmoja, ukiwa na walimu na maabara, mambo aliyoyasaka peke yake kwa miaka. Ukiulizwa uko mwaka wa ngapi, sema uko mwaka wa msingi, na anayeuliza kwa nini mwambie kwamba ulisoma Biolojia kwanza.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Ada ya mwaka huu ni pauni 9,535, sawa na miaka mingine ya uhandisi. Serikali imeshusha kikomo cha ada ya mwaka wa msingi hadi pauni 5,760 kwa masomo ya darasani kama biashara, lakini uhandisi haukuguswa. Mkopo wako utakatwa katika mshahara baadaye, asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kitakachobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Suala la riba tulilijadili sana mimi na mama yako, tukamuuliza na sheikh, na uamuzi tulioufikia unaujua. Usiubebe peke yako. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba haki ya mkopo hupimwa kwa urefu wa kozi pamoja na mwaka mmoja wa akiba. Akiba hiyo iache kwa ajili ya maradhi au msiba, Mungu aepushe, usiitumie kurudia mwaka huu kwa sababu ya uzembe.

Utakapofika wakati wa kuamua kati ya shahada ya miaka mitatu na ile ya minne ya uzamili, angalia kwanza kama kozi imeidhinishwa na bodi ya pamoja ya taasisi za wahandisi, kwa kuwa anayetaka kufikia daraja la juu la usajili hapa Uingereza hatosheki na ile ya miaka mitatu pekee. Na ukiamua siku moja kufanya kazi Tanzania, utapita kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambako bila kusajiliwa hutaruhusiwa kujiita mhandisi. Nafurahi kwamba sheria hiyo ipo.

Somo likikushinda, nenda kwa mwalimu wiki hiyohiyo. Hisabati hupangwa kama tofali, safu ya tatu haipandi ikiwa ya pili haijakaa, na wewe tangu utoto una tabia ya kunyamaza usipoelewa, tabia uliyoirithi kwangu.

Sasa nina ombi. Kijana yule aliponichorea nondo za juu nilimuuliza zilipaswa kuwa ngapi, za unene gani, na kuingia ndani ya nyumba kiasi gani, akaniambia kwamba hapo ndipo hesabu inapoanza, kisha filimbi ya kazi ikalia. Labda utaweza kunijibu mwakani au mwaka utakaofuata. Mwaka huu unaweza kunipatia momenti. Vipimo ninavikumbuka: kibaraza kilitokeza mita 1.2 kutoka ukutani, kilikuwa na upana wa mita 3, na unene wake ulikuwa sentimita 10. Uzito wa zege yule kijana alisema ni karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Juu yake kulikuwa na ukuta mfupi wa tofali kwenye ncha, safu nne, ambao nao nimeusahau mara nyingi katika kukisia kwangu, na naona usisahaulike.

Mama yako anakusalimu sana, na amekuwekea achari ya maembe chini ya taulo kwenye begi la bluu.

Baba yako