Shule zijikokotolee zenyewe saa za mapito ya setilaiti

Mhariri,

Hivi majuzi wanafunzi wangu hapa Kisumu walitoka uwanjani na antena waliyoiunda kwa mikono yao, wakatega masafa ya megahezi 437.800, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hurusha upya sauti za watumiaji wa redio ya ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kama burudani, si biashara), wasisikie lolote. Orodha tuliyoazima ya saa za mapito, yaani saa ambazo Kituo hupita juu ya upeo wetu wa macho, iliandika 17:00, nasi tukatoka saa kumi na moja jioni, kumbe hiyo ilikuwa saa ya ulimwengu (UTC), ambayo kwetu ni saa mbili usiku.

Tungekokotoa wenyewe, kosa hilo lisingetokea. Programu ya kompyuta ya Gpredict, inayokokotoa mapito hayo, hutolewa bure, na ikishaelezwa mahali ulipo na kupakuliwa takwimu za obiti (njia ya mzunguko), ambazo ni mistari miwili ya tarakimu kwa kila setilaiti, hufanya kazi hata pasipo intaneti. Takwimu hizo, hata hivyo, huchakaa. Kituo huzunguka yapata kilomita 400 juu yetu, ambako hewa, ingawa ni nyembamba mno, bado hukipunguzia kimo, kikalazimika kusukumwa juu kwa injini kila mara. Kwa hiyo utabiri unaotegemea takwimu za mwezi uliopita hauaminiki, hasa kwa pito lenyewe la dakika kumi hivi.

Sisi wa kando ya ikweta tuna sababu zaidi ya kuwa makini. Njia za setilaiti zinazopitia ncha za dunia husongamana huko nchani na kutawanyika huku kwetu, hivyo mkazi wa Ulaya ya kaskazini huzipata mara nyingi zaidi kwa siku kuliko mkazi wa Kisumu au Nakuru, nasi tukikosa pito moja tumepoteza zaidi.

Programu hiyo huonyesha pia masafa yakisikika juu zaidi kwa karibu kilohezi 10 Kituo kinapokaribia, kisha chini zaidi kwa kadiri hiyo kinapotokomea. Sijaona njia bora ya kumfundisha mtoto athari ya Doppler, yaani mabadiliko hayo ya masafa yanayoletwa na mwendo.

Naziomba shule zenye maabara ya kompyuta ziiweke programu hiyo, zikianza kwa kusikiliza tu, kwa kuwa kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Nawe Mhariri, gazeti lako likichapisha saa za mapito, tafadhali litaje ni saa ya wapi na imekokotolewa kwa mji gani.

Mwalimu wa fizikia,
Kisumu