Risala ya Marafiki Watazamaji wa Ngoma na Maigizo, Bagamoyo, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wetu,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazee wetu na walezi wetu,
Walimu na wanafunzi wa sanaa,
Wasanii mnaosubiri kupanda jukwaani,
Wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wenzangu 23 nakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Tunajua una mialiko mingi mwezi huu, na wengine waliokualika wana kumbi zenye viyoyozi. Sisi tuna mikeka, upepo wa bahari na furaha ya kukuona. Karibu sana.

Risala za hafla za sanaa kwa kawaida huandikwa na wasanii. Hii imeandikwa na watazamaji. Kikundi chetu hakimiliki ngoma hata moja, hakina gitaa wala sare ya jukwaani. Kila mwanakikundi huweka shilingi 5,000 kwa mwezi, na fedha hiyo hulipia viingilio vyetu. Tunatoka nyumbani pamoja jioni, tunakwenda kutazama, tunarudi tukibishana njiani. Wamo wavuvi, mama lishe wawili, fundi cherehani, madereva wa bodaboda, walimu wa shule ya msingi na muuguzi mmoja. Leo tunatimiza miaka mitatu.

Tulianza watu watano. Dada mmoja, mzaliwa wa Dunda, alituambia kwamba tangu utotoni amepita mbele ya lango la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, na beseni la maandazi kichwani, amesikia ngoma zikilia ndani, na hajawahi hata siku moja kukaa kwenye kiti akatazama. Tulishikwa na aibu, kwa sababu wanne tuliobaki nasi hatukuwa na la kujivunia. Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote watano. Alipotoka alikuwa amepoteza sauti kwa vigelegele.

Mji wetu, Mheshimiwa, haukustahili wenyeji wa namna ile tuliyokuwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ndiyo TaSUBa. Watu wanavuka bahari kuja kujifunza hapa bugobogobo ya Wasukuma na sindimba ya Wamakonde. Wazee walioshuhudia ukumbi wa chuo ukiungua mwaka 2002 bado wanausimulia moto ule kama msiba wa nyumbani. Na hapa ndipo alipoishi marehemu Mzee Hukwe Zawose, aliyetoka Ugogoni na zeze, ala ya nyuzi, na ilimba, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, akazifikisha kwenye majukwaa ya dunia, mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanaendelea leo kwa jina la Zawose Queens.

Naomba nikae kidogo kwenye ilimba, maana ndiyo iliyotufunga pamoja.

Usiku mmoja baada ya onyesho tulibaki nyuma. Kijana aliyekuwa akipiga ilimba alikuwa anaifunga kwenye kitenge. Mama lishe wetu akamwomba aione kwa karibu. Kijana akaifungua, akatuonyesha vyuma vyake vilivyopangwa safu, anavyovisukuma ndani au kuvivuta nje kidogo ili kupata sauti anayoitaka. Kisha akatuonyesha tundu dogo kwenye mbao, limezibwa na utando mweupe, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Akasema huo ni utando wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Akabonyeza chuma kimoja. Sauti ilitoka na mvumo juu yake, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Akaweka kidole gumba juu ya tundu, akapiga tena. Sauti ikatoka safi, lakini ule uhai ulikuwa umeondoka.

Tangu siku ile, ilimba ikisikika redioni mama huyo hutuuliza, "Utando mnausikia?" Mara nyingi hatuusikii. Kwenye spika ya simu ndiyo kabisa. Mtu akituuliza kwa nini tunalipa kiingilio wakati muziki umejaa kwenye simu, tunamjibu kwa habari ya buibui yule.

Upande wa maigizo nao umetupa makubwa. Mkoa wetu si mgeni wa jambo hili. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza na Msoga huku kwetu, wakakaa na wanakijiji, wakawaacha waseme wenyewe shida zao, wazigeuze kuwa ngoma na mchezo, kisha wajadiliane palepale uwanjani. Vijana wa leo wanaoleta michezo mtaani wanafuata njia ile.

Mwaka jana walituletea mmoja chini ya mwembe. Mvuvi ameuza samaki mnadani, amezificha fedha. Mkewe amekopa kwenye kikoba na siku ya marejesho imefika. Mwigizaji aliyecheza mke alipiga magoti, akalia, akamsihi mumewe. Hapo mama mmoja akasimama kutoka mkeka wa nyuma. "Hapana mwanangu, sisi hatulii hivyo!" Kiongozi wa mchezo akamkaribisha aingie aonyeshe. Akajifunga khanga kiunoni, akageuza ndoo akaikalia, akamwuliza yule mume kwa sauti ya chini kabisa: "Leo mmeuza kwa nani? Tajiri wa boti amechukua ngapi? Mafuta ya injini amelipa nani?"

Kijana aliyecheza mvuvi alikwama kwenye swali la pili. Watu walicheka mpaka wakashikana. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu wavuvi wa kweli walikuwa wamekaa palepale, na walijua jibu. Mmoja alisimama akasema yeye huficha fedha kwa sababu anadaiwa mafuta na anaona haya mkewe akijua kwamba mgao wake umekwishaliwa kabla hajashuka majini. Wenzake watatu wakamfuata. Mjadala uliendelea hadi saa nne usiku, na hakuna aliyeondoka. Semina tumeshakalishwa nyingi hapa, Mheshimiwa, tukapewa soda na karatasi. Sijapata kuona wanaume wakisema vile mbele ya wake zao.

Yote haya yasingewezekana kwa mtu mmoja mmoja. Akina mama walikuwa wanaihofia njia ya kurudi usiku, na sasa madereva wetu wa bodaboda wanawafikisha mlangoni kwa kuchangiwa mafuta tu. Asiyekuwa na kiingilio mwezi huo, mfuko unamlipia wala hatajwi jina. Mwenzetu aliyefiwa na mumewe, alipotoka eda, ombi lake la kwanza kwetu lilikuwa tumpeleke akasikilize zeze. Alikaa kimya onyesho zima katikati ya rafiki zake, mwishoni akapiga kigelegele kimoja. Tulirudi naye kwa miguu mpaka kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna yanayotuumiza pia. Mwaka juzi tulikodi ukumbi mmoja ili vijana wa mtaa waonyeshe igizo lao, tukalipa kishika nafasi. Siku mbili kabla ya onyesho tukaambiwa ukumbi umepewa harusi. Fedha yetu ilirudi nusu, tena baada ya miezi minne ya kufuatilia. Vijana wale walikuwa wamefanya mazoezi tangu Ramadhani. Wawili waliacha sanaa kabisa, na mmoja wao alikuwa na kipaji ambacho mimi binafsi bado nakisikitikia.

La pili ni pleibeki. Tunalipa kiingilio cha muziki wa laivu, msanii anapanda na maikrofoni, wimbo unajiimba wenyewe kwenye spika, yeye anachezesha mdomo. Tunaelewa kwamba kupeleka bendi nzima ni gharama, na waandaaji wengi hawapati faida. Lakini mpiga ngoma aliyebaki nyumbani usiku ule amekosa mkate wake, nasi tumekosa kilichotutoa nyumbani.

Na la tatu linahusu watoto wetu. Shuleni ngoma hutolewa stoo UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inapokaribia. Mashindano yakiisha zinarudishwa, zinaliwa na panya. Sisi tuliokulia Pwani tulijifunza mdundiko kwa kuufuata mitaani, mpaka wazazi wakatutafuta mtaa wa tatu wakiwa na fimbo. Watoto wa sasa hawana msafara wa kuufuata.

Kwa hiyo tuna maombi. Kubwa ni jukwaa. Kiwanja cha shule kilicho nyuma yetu kina mwembe mkubwa na ukuta wa darasa unaorudisha sauti vizuri, tumejaribu wenyewe. Tunaomba Halmashauri ituruhusu tujenge hapo jukwaa la saruji, urefu wa goti, lenye taa nne. Nguvu kazi tunayo, mchanga na kokoto tutachangishana, fundi mwashi yumo ndani ya kikundi. Tunaomba saruji, nyaya, na barua itakayolilinda jukwaa hilo lisigeuzwe kesho kuwa fremu za maduka. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi litumiwe na vikundi vya hapa mjini, na siku nyingine wanafunzi walitumie kwa ngoma zao mwaka mzima, wakifundishwa na wasanii wetu kwa posho ndogo tutakayoichangia.

Tunaomba pia ofisi yako ituelekeze kuhusu usajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Tulipoulizia mara ya kwanza tuliulizwa sisi ni wasanii wa fani gani, tukasema sisi ni watazamaji, na mazungumzo yakaishia hapo. Tungependa yaendelee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jua linazama na wasanii wamekwisha kuwamba ngoma zao motoni. Utaanza na muziki, igizo litafuata, nawe ukiona mtu jukwaani anasema jambo lisilo kweli kuhusu maisha ya hapa, una haki ya kusimama kama yule mama. Kiti chako hatukukiweka meza kuu. Tumekiweka upande wa kulia, hatua mbili kutoka kwa mpiga ilimba, ili usikie ule utando.

Tunaomba kuwasilisha.