Malalamiko Kuhusu Taa Yenu ya Betri ya Dharura

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

YAH: MAELEZO YA BOKSI YANAYOPOTOSHA NA TAA KUSHINDWA KUWAKA

Nilinunua taa yenu inayotumia betri 3 kubwa za saizi D ili nyumbani tusikae gizani umeme ukikatika. Niliichagua kati ya nyingine kwa sababu boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa: lumeni 500 (kipimo cha wingi wa mwanga), saa 200. Mnunuzi yeyote akisoma hivyo ataamini kwamba atapata vyote viwili kwa pamoja.

Havipatikani kwa pamoja, na nyinyi mnajua. Betri 3 za alkali za saizi hiyo, zikiwa mpya, hubeba kiasi cha wati-saa 60 hivi, yaani umeme wa kuendesha kifaa cha wati 1 kwa saa 60. Taa ya LED inayotoa lumeni 100 kwa kila wati itahitaji wati 5 kufikisha lumeni 500, kwa hiyo betri zitaisha ndani ya saa 12 au pungufu. Saa 200 ni za mwanga wa chini kabisa, ambao unatosha kuonyesha njia ya chooni lakini hautoshi kusoma kipimo cha dawa ya mtoto. Tena, kwa kiwango cha ANSI FL 1 mlichokitaja kwenye boksi, yaani kanuni za Marekani za kupima tochi na taa za mkononi, muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hilo nalo hamkulieleza.

Lililoniudhi zaidi ni hili la pili. Karatasi ya maelekezo inasema betri zikae ndani ili taa iwe tayari wakati wote. Lakini swichi yenu ni ya kielektroniki, na kuna kitaa cha kijani kinachometa hata taa ikiwa imezimwa. Vyote hivyo vinakula betri polepole. Umeme ulipokatika, taa haikuwaka. Nilipoifungua nilikuta betri zimeisha na kuvuja, na springi zimeliwa na ule ute wake. Tuliwasha mishumaa kwenye nyumba yenye watoto na mapazia, jambo ambalo taa hii ilinunuliwa kulizuia.

Naomba nirudishiwe fedha zangu zote. Sitaki kubadilishiwa taa nyingine ya aina hiyo hiyo, maana tatizo liko kwenye muundo wake. Naomba pia boksi lioneshe muda wa kila kiwango cha mwanga pembeni ya lumeni zake, na karatasi ya maelekezo iwaambie watu watoe betri taa inapowekwa kwa muda mrefu. Walioinunua tayari waarifiwe sasa, kabla hawajaihitaji.

Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha za springi zilizoharibika. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Mteja wenu